Bi. Somoe Afungua Akaunti ya Kesho

Wapo wanaosema nchi ya Uthabiti haipo. Mimi sigombani nao, maana silipwi na Uthabiti wala sina shamba huko. Ninachojua ni kwamba Bi. Somoe wa Pangani alifika, akakaa, akapika, akasumbuana na benki yao, na akarudi akiwapenda watu wake kuliko alivyokusudia. Nami nampenda Bi. Somoe, kwa hiyo msitegemee nimsimange sana.

Alikuwa mpishi wa shughuli. Pangani nzima harusi ya maana haikupangiwa tarehe kabla hajaulizwa kama ana nafasi. Mwanawe wa pekee, Mwanahawa, aliolewa na kijana mpole wa Uthabiti aitwaye Masudi, akahamia kwao. Habari zilipokuja kwamba Mwanahawa amejifungua mtoto wa kike, Bi. Somoe alifunga kanga zake, iliki na mdalasini, akaondoka. Safari yenyewe haina la kusimuliwa. Kisa kinaanzia mpakani.

"Utakaa siku ngapi, mama?" akauliza askari wa lango, kijana mwenye masikio safi kupita kiasi.

"Nitakaa mpaka mwanangu apate nguvu."

Askari akaweka kalamu chini. "Mama, umesema nitakaa."

"Nimesema."

"Hiyo ta umeitoa wapi?"

Bi. Somoe akadhani anatafutiwa sababu ya kuombwa chai. "Ta gani tena, baba? Mimi nimebeba iliki na mdalasini tu."

"Ni-ta-kaa. Hiyo ya katikati. Una akaunti Benki ya Kesho?"

"Sina. Na wewe mbona umesema utakaa?"

"Hiyo ni ta ya serikali, mama. Sema upya."

Bi. Somoe akafikiri. "Nakaa mpaka mwanangu apate nguvu."

"Vizuri."

"Na nataka je? Nayo ina ta."

Askari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni ta ya kuzaliwa nayo. Kutaka ni bure. Karibu Uthabiti, mama."

Sheria hiyo ukiisikia mara ya kwanza unacheka. Ukielezwa ilikotoka, kicheko kinapungua. Zamani Wathabiti walikuwa watu wa ahadi nyingi. Fundi cherehani alisema nguo itakuwa tayari Ijumaa, na Ijumaa ikifika akasema itakuwa tayari Ijumaa. Mwenyekiti alisema bomba litatoa maji. Bwana harusi alisema anatoka kidogo, atarudi. Nchi nzima ikawa imekaa vibarazani inangoja. Mwishowe wakubwa wakafanya kikao kirefu, wakaamua kwamba tatizo si watu, tatizo ni ta. Wakazikusanya zote, wakazijengea jumba la ghorofa nyingi, wakaliita Benki ya Kesho. Tangu hapo anayetaka kuahidi hufungua akaunti, hupewa kitabu cha hundi, na kila akitamka ta huchana jani moja akamkabidhi aliyeahidiwa. Ahadi isipotimia jani huitwa hundi hewa, na mwenyewe hunyang'anywa kitabu.

Wenye vitabu walikuwa mabahili wa ajabu. Mume alimpenda mkewe kwa wakati uliopo tu, kwa sababu nitakupenda milele ilikuwa inameza kitabu kizima. Wasio na vitabu, nao ndio wengi, waliishi kwa nakuja. Mtu alikupa mgongo, akavuka barabara, akapotelea kona ya pili, huku anasema nakuja. Hapo Bi. Somoe alijiona yuko kwao kabisa. Kilichomshinda ni soko. Aliuliza fungu moja lina machungwa mangapi, muuzaji akatazama kushoto na kulia, akamnong'oneza, "Tano na moja, mama." Mwenzake aliwahi kusema sita, askari akadai amekataa jambo la kesho bila hundi, na kesi yake bado inasikilizwa.

Nyumbani kwa Masudi kulikuwa na shida nyingine, jina lake Bi. Arafa. Huyu ndiye mama mzazi wa Masudi. Siku ya harusi kule Pangani, wakwe hawa wawili walikaa jiko moja, sufuria moja ya pilau kati yao, na pilau likatoka limetiwa chumvi mara mbili. Kila mmoja alisema ni mwenzake. Mbele ya wageni, mwiko mkononi, Bi. Somoe akaapa: "Arafa, sitakaa jiko moja nawe tena maisha yangu!" Na hakukaa. Hata sasa, yuko nyumbani kwa Arafa, aliwasha jiko lake la mkaa uani, na Arafa akabaki na jiko lake ndani. Kila asubuhi Mwanahawa aliletewa uji wa mama na uji wa mama mkwe, na kwa amani ya nyumba akamaliza bakuli zote mbili. Alinenepa vizuri.

Jioni moja Masudi alimjia uani, akachuchumaa, akaanza kuchora chini kwa kijiti.

"Mama, siku ya jina inakaribia."

"Najua. Nimeshachambua mchele."

"Kwetu, siku hiyo kila bibi na babu humpa mtoto hundi ya ahadi moja. Ndipo anaandikwa kuwa bibi. Asiye na hundi..." Akachora zaidi.

"Asiye na hundi anaandikwaje?"

"Anaandikwa mgeni, mama. Na mtoto anafundishwa hivyo. Huyu bibi, yule mgeni."

"Mgeni wa nani? Nimemzaa aliyemzaa!"

"Najua, mama. Nisamehe. Ndiyo sheria."

Bi. Somoe akamtazama mjukuu aliyelala mapajani mwake, kinywa wazi, ngumi imekazwa. Alishawahi kuitwa majina mengi na watu waliokosa minofu kwenye harusi, na hakuna lililomuuma. Hili lilimuuma. Asubuhi yake akajifunga kanga mpya, akaenda benki.

Benki ya Kesho ilikuwa kubwa hivi kwamba ukiongea, sauti yako ilirudi imechoka. Juu ya mlango paliandikwa KESHO YAKO IKO KWETU. Bi. Somoe akapewa namba, akakaa, namba ikaitwa, akaambiwa dirisha hilo ni la wanaofunga, wanaofungua ni upande ule. Upande ule alikuwepo Bwana Mahfudhi, kijana wa tai nyembamba, mwenye upole wa kweli. Nalisema hili mapema ili msimchukie.

"Karibu sana, mama. Tutakuhudumia sasa hivi."

"Hiyo ta mbona huchani jani?"

"Hii ya ofisi, mama. Ta za ofisi hazihesabiwi."

Akamtaka picha zenye mandhari ya buluu, na barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba anakaa anapokaa. Bi. Somoe akavileta. Kisha akatiwa kalamu mkononi aweke sahihi, mara mbili.

Bwana Mahfudhi akazitazama zote mbili, akasikitika. "Mama, sahihi yako si sahihi. Hii ya pili hailingani na ya kwanza."

"Ya kwanza nilikuwa nimekaa. Ya pili nimesimama."

"Chagua moja, mama, halafu uwe hivyo siku zote."

"Mimi mwenyewe siko hivyo siku zote."

"Hata mimi siko," akasema Bwana Mahfudhi kwa sauti ndogo. Akamsogezea kiti, wakaandika tena, taratibu, mpaka zikafanana. Papo hapo mtandao ukakatika. "Nakuja," akasema, akaingia mlango wa nyuma.

Alirudi kesho yake. Lakini alirudi na kikombe cha chai ya tangawizi, kwa sababu alikumbuka kwamba yule mama wa Pangani alikohoa. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

"Sasa tumebakiza amana ya kuanzia," akasema.

Bi. Somoe akashika pindo la kanga alipofunga vijisenti vyake.

"Siyo hizo, mama. Kesho haifunguliwi kwa fedha. Tunataka ahadi moja uliyowahi kutoa ukaitimiza. Na shahidi wake."

"Shahidi ninaye. Mwanangu."

"Anakupenda?"

"Sana."

"Basi hafai. Anayekupenda husema lolote."

"Basi nichukue yeyote hapo nje."

"Asiyekujua naye hafai, maana hana la kusema."

"Kwa hiyo anabaki nani?"

"Anabaki mtu anayekujua vizuri na hakupendi."

Bi. Somoe akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Huyo ninaye, mwanangu. Tena tunalala nyumba moja. Na nikisema inshallah badala ya hundi, je?"

"Inaruhusiwa, mama, hata sisi twaisema. Ila benki haina mamlaka ya kumwandikia Mwenyezi Mungu barua ya kumkumbusha."

Mchana ule ule Bi. Somoe akasimama mlangoni mwa jiko la Bi. Arafa, vidole vya miguu nje ya kizingiti. Bi. Arafa alikuwa anakuna nazi.

"Arafa. Nahitaji mtu asiyenipenda, aje kunishuhudia benki."

Bi. Arafa akaweka nazi chini. "Ngoja nivae viatu," akasema.

Amana aliyoitoa Bi. Somoe ni kile kiapo cha jiko. Kesi ilikuwa ngumu, ikabidi aitwe Bi. Raudha wa Idara ya Ta za Kigeni, mama mmoja mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Ta hii imetamkwa Pangani," akasema Bi. Raudha. "Lazima ibadilishwe kwanza. Na thamani yake kule ni ndogo mno. Kule mtu anatoa ta kumi kabla hajanywa chai."

"Lakini imetimia, Bi. Raudha," akasema Bwana Mahfudhi.

"Imetimia nini? Kaahidi kutofanya, na hakufanya. Hata mimi sijawahi kukaa jiko moja na Bi. Arafa. Nipewe na mimi akaunti ya pili?"

"Wewe hukuapa."

"Ningeapa ingebadilisha nini? Jiko lingekuwa vilevile, bila mimi."

Walibishana hivyo mpaka watu wa foleni wakajigawa pande mbili na kuanza kusaidia. Upande wa Bi. Raudha walisema kutofanya ni kupumzika tu. Upande wa Bwana Mahfudhi walisema mtu ajaribu kutomsemesha jirani yake mwaka mzima ndipo aongee habari ya kupumzika. Kelele zikamshusha Mtunza Kesho, mkubwa wa benki, mzee aliyekuwa hajashuka ngazi zile kwa muda mrefu. Akasikiliza pande zote, akamgeukia shahidi.

"Bi. Arafa, ahadi ya kutofanya ni kitu pale tu mtu anapotamani kufanya. Je, huyu alitamani?"

Bi. Arafa alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, na ilionekana jibu linamtoka kwa shida.

"Tangu afike," akasema, "kila asubuhi naweka kigoda kando ya jiko langu. Hakikalii. Anapita na sinia, anakitazama, anakwenda zake uani kwenye moshi. Leo alisimama mlangoni, hata dole gumba halikuvuka. Ndiyo, alitamani. Na ametimiza."

Bi. Somoe akageuka. "Kigoda kile changu?"

"Sasa cha nani?"

"Mimi nilidhani ni cha paka."

Mtunza Kesho akagonga muhuri. Kisha, kitabu kikiwa bado mkononi mwake, akasema la mwisho. "Sikiliza, mama. Amana ya kuanzia haiguswi. Siku mtakayokaa jiko moja, akaunti inafungwa siku hiyo hiyo."

Wakarudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Asante kwa kutonipenda," akasema Bi. Somoe.

"Karibu tena," akasema Bi. Arafa.

Sasa Bi. Somoe alikuwa na ta zake. Kila alipombeba mtoto alijaribu maneno moyoni: nitakufundisha, nitakushonea, nitakuombea. Mwisho akachagua neno moja lililotosha yote: nitakuja. Kila ukiniita, nitakuja. Alifurahi kwa kitabu kile kuliko alivyopenda kukiri, akakilaza chini ya mto kila siku.

Siku ya jina ikafika. Wageni wakajaa barazani, na Bwana Mahfudhi miongoni mwao, amevaa kanzu, amealikwa na Bi. Somoe mwenyewe. Bi. Arafa ndiye aliyepika pilau la wageni, kwa kuwa nyumba ni yake. Bi. Somoe alikuwa uani anakaanga sambusa alipoona mtu amesimama kwenye mlango wa jiko, ngumi imefungwa. Ngumi ile ilikuwa na chumvi.

"Somoe," akasema Bi. Arafa, chini kabisa. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kutia. Ulimi wangu umekufa. Tangu ile homa, kabla ya harusi ya watoto. Nikionja naona maji matupu. Humu ndani nawapikia kwa kukisia, nao wanakula wananyamaza, watoto wazuri. Lakini sufuria hii ni kubwa, na mji mzima uko nje."

Bi. Somoe akasimama na kijiko chake cha mafuta. "Kwa hiyo siku ile Pangani..."

"Ni mimi. Nilitia, nikaonja, sikusikia kitu, nikatia tena."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mbele ya watu wako? Mpishi wa Pangani yuko hapo, mimi niseme sina ulimi?"

Bi. Somoe akatazama barazani. Bwana Mahfudhi alikuwa anakunywa sharubati. Akatazama dirisha la chumba ambamo, chini ya mto, kitabu chake kimelala na nitakuja yake ndani. Angeweza kuelekeza kwa mdomo akiwa nje ya kizingiti, na wageni wote wangemsikia anamfundisha Arafa kutia chumvi nyumbani kwake. Aliona uso wa Arafa. Akavua ndala, akavuka kizingiti, akakaa kwenye kigoda. Kilikuwa cha kimo chake hasa.

"Lete hiyo chumvi," akasema. "Na nani kakufundisha kuvunja iliki namna hii, wewe?"

Waligombana vizuri pale jikoni mpaka pilau likaiva. Bwana Mahfudhi alifuata harufu, akafika mlangoni, akawaona magoti kwa magoti, jiko moja kati yao. Akavua kofia.

"Mama. Mmekaa."

"Tumekaa."

"Natakiwa nichukue kitabu."

"Kiko chini ya mto. Ukitoka huko chukua na sahani."

Bwana Mahfudhi akachukua vyote viwili. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, akasema ni moshi.

Wakati wa kutaja jina, mwandishi wa mtaa akafungua daftari la kizazi. Mtoto akaitwa Hidaya. Akaitwa bibi mzaa mama. Bi. Somoe akasimama, akampokea mtoto mikononi. Nitakuja ilimfika kwenye ulimi, akaimeza.

"Hidaya," akasema. "Nipo, mama yangu. Mimi nipo."

"Hundi?" akauliza mwandishi.

"Sina."

Mwandishi hakuwa mtu mbaya. Alikohoa, akachovya kalamu polepole, akasogeza mkono kwenye safu ya wageni.

"Ngoja," akasema Bi. Arafa. Akasimama na kitabu chake, cha miaka mingi, kilichokuwa kinene kwa ubahili. "Zamu yangu bado. Hidaya, kila siku ya maisha yangu nitakwambia kwamba una bibi wawili."

Bwana Mahfudhi akaweka sahani chini. "Bi. Arafa, kila siku? Hiyo inamaliza kitabu chote."

"Basi kiishe."

Akaanza kuchana. Jani baada ya jani, anaweka juu ya blanketi la mtoto, mpaka likabaki gamba tupu. Bi. Somoe alilia waziwazi, bila kusingizia moshi. Mwandishi akamtazama Bwana Mahfudhi, naye Bwana Mahfudhi akajiweka sawa kanzu, akasema kwa sauti ya ofisi:

"Sheria ya Uthabiti iko wazi. Ahadi yenye hundi haizuiwi na yeyote. Daftari likisema bibi ni mmoja, litakuwa linamzuia Bi. Arafa kutimiza. Andika wawili."

Wakaandikwa wawili, pilau likaliwa mpaka ukoko, na chumvi ilikuwa sawa.

Mwanahawa alipopata nguvu, Bi. Somoe akafunga kanga zake. Walimsindikiza wote mpaka mpakani, Hidaya mgongoni kwa Bi. Arafa. Askari wa lango alikuwa yule yule, na masikio yake yale yale.

"Utarudi, mama?" akauliza, kwa ta ya serikali, kalamu tayari.

Bi. Somoe akamtazama askari, akamtazama Arafa. Yeye na Arafa, hakuna aliyekuwa na jani hata moja. Akajitanda kanga, akawapa mgongo, akaanza kwenda.

"Nakuja!" akasema.

"Nakungoja," akajibu Bi. Arafa.

Askari akayapima maneno yote mawili, akayarudia kwa midomo, hakukuta ta popote, akafungua lango. Kigoda bado kiko kando ya jiko, na paka hufukuzwa kila akijaribu kukikalia.